Kijiti Kando ya Maji

Kokuberwa alimimina uji kikombeni, akaurudisha sufuriani, akaumimina tena mpaka ukapoa. Kisha akamsogezea bintiye. Kilikuwa kikombe cheupe chenye picha ya Malkia mpya wa Uingereza. Mumewe alipewa kikombe hicho kazini siku ya sherehe ya kuvishwa taji. Anastasia alikipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Aliipapasa ile picha kwa kidole, kisha akakisukuma kikombe kando.

"Kunywa, mama," Kokuberwa alimbembeleza.

"Sitaki."

"Kidogo tu. Malkia anakuangalia."

"Na yeye hataki."

Kokuberwa alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mwezi uliopita aliugua surua. Homa ilikwisha, vipele vikapona, ila nguvu hazikurudi. Mikono yake ilikuwa myembamba kama vijiti vya kiberiti. Wenzake walipocheza uani, yeye alikaa kizingitini akiwatazama.

Nesi wa zahanati alikuwa amemweleza Kokuberwa bila kumficha. "Ugonjwa umeondoka, mama, lakini umeondoka na nyama za mwili. Uji mtupu hauwezi kuzirudisha. Mpe samaki, maharage, mayai, na maziwa ukiyapata. Mwili wa mtoto hujengwa na vitu hivyo. Akikaa hivi hivi, ugonjwa mdogo tu utakaokuja utamlaza tena, na safari hiyo sijui."

Ile "sijui" ndiyo iliyomkosesha Kokuberwa usingizi.

Walijaribu. Maharage Anastasia aliyatema. Kuku wao alikuwa mmoja, na alitaga siku aliyopenda mwenyewe. Nyama waliiona mwisho wa mwezi. Samaki wa sokoni alifika Kinondoni jua likiwa limeshamchosha, na mtoto alipomnusa tu aligeuza uso.

Revelian, baba yake Anastasia, alikuwa karani katika ghala moja karibu na bandari. Alitoka Bukoba, na marehemu baba yake alikuwa mvuvi wa ziwani. Jumamosi moja alirudi kutoka kazini adhuhuri, kwa kuwa kazi ilikuwa ya nusu siku. Akafungua sanduku lake la mbao, akatoa mshipi wa kuvulia aliokuja nao kutoka kwao.

"Unakwenda wapi na mshipi?" mkewe alimuuliza.

"Pwani. Mtoto wa mvuvi anakaa karibu na maji mwaka mzima, na binti yake hana samaki. Wazee wangu wakisikia watanicheka."

"Lakini ile ni bahari, baba Anastasia. Si ziwa."

"Maji ni maji," Revelian alisema, akachukua kikapu.

Alipita vijia vya Msasani, katikati ya minazi na mashamba ya mihogo, mpaka akatokea pwani. Hapo palikuwa na miamba miwili. Mmoja ulikuwa mrefu, umeshikamana na nchi kavu. Wenyeji waliuita Baraza. Mbele yake, ndani kidogo ya bahari, kulikuwa na mwamba mwingine, mpana na tambarare. Huo waliuita Meza. Kati ya miamba hiyo miwili palikuwa na bonde la mawe, na siku hiyo maji ya bondeni yalifika vifundoni tu.

Revelian akavuka bonde, akakaa juu ya Meza, akatupa mshipi. Alivua mpaka jua lilipokaribia kuzama. Alipata changu wawili na tasi mmoja. Aliporudi, bonde lilikuwa kavu kabisa. Alivuka bila kulowa, wala hakujiuliza kwa nini.

Jioni hiyo Kokuberwa alipika supu ya changu kwa ndimu na chumvi. Aliitia katika kikombe cha Malkia. Anastasia alinusa. Akaonja. Akanywa kimya kimya mpaka mwisho, halafu akainua kikombe kwa mikono miwili.

"Ipo nyingine?"

Kokuberwa aliugeukia ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

*

Jumamosi iliyofuata Revelian alisema, "Leo twendeni wote. Mtoto apate hewa ya bahari. Nimeshapajua mahali."

Walifika saa ile ile ya Jumamosi iliyopita. Revelian alitazama bonde. Maji yalifika vifundoni.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Pako vile vile."

Alimbeba Anastasia mgongoni, wakavuka. Kokuberwa aliyaacha makubadhi yake juu ya jiwe la bondeni yasilowe. Alipopanda juu ya Meza, kitu kikamkata wayo. Aliinama akatazama. Mwamba mzima ulikuwa umejaa chaza, wamegandamana kwenye jiwe, makali yao yamesimama.

"Mwamba huu una meno," alisema.

"Tandika khanga ukae. Utazoea."

Samaki walikula vizuri siku hiyo. Mara changu, mara chewa mdogo, mara changu tena. Revelian alikuwa anaimba wimbo wa kwao. Anastasia alikaa mapajani kwa mama yake, akihesabu samaki kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo ilianzia tatu.

Baadaye Kokuberwa aligeuka kuangalia makubadhi yake. Hayakuwapo. Na jiwe nalo halikuwapo.

"Baba Anastasia. Makubadhi yangu yamekwenda."

Revelian aliangalia bondeni, akakunja uso kidogo. "Wimbi limeyachukua. Ni upepo tu huo. Hata kwetu, upepo ukivuma kutoka mbali, maji husukumwa mpaka ufukweni yakapanda. Upepo ukitulia, yanarudi zake. Tungoje kidogo."

Revelian hakuwa mjinga. Alisema alichokijua. Ziwani alikokulia, maji hukaa mahali pake asubuhi na jioni. Yakipanda ghafla, kazi hiyo ni ya upepo, na mtu mwenye busara hukaa mahali pa juu akangoja. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na kwa ziwa lile mafundisho hayo ni sahihi.

Basi wakangoja.

Maji yaliingia kwenye vishimo vya mwamba. Yalitoka, yakaingia tena, na kila yalipoingia yalisogea mbele zaidi. Khanga aliyoikalia Kokuberwa ikalowa. Akasimama na mtoto kiunoni. Maji yakamfika kwenye vidole vya miguu. Bonde sasa lilikuwa mto mpana, rangi yake nzito, unakwenda kwa nguvu.

"Mama, twende nyumbani," Anastasia alisema.

"Tunakwenda, mwanangu. Baba anangoja upepo."

Kokuberwa hakujua kuogelea. Revelian alijua. Akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, na Kokuberwa aliona anavyopiga hesabu moyoni mwake. Mtu mmoja angeweza kumvusha. Wawili kwa pamoja asingeweza.

Wakati huo mtu alitokea kwenye mwamba wa Baraza. Alikuwa mnene, amevaa kofia nyeupe na kikoi, amebeba mwanzi mrefu wa kuvulia. Walimfahamu. Ni Hamoud, mwenye duka la kona, aliyekuwa akiwauzia chumvi na mafuta ya taa. Aliwaona, akaweka kapu lake chini.

"Mnafanya nini huko?" aliita.

"Tunangoja upepo utulie," Revelian alijibu.

"Upepo gani?"

Kokuberwa aliinua macho. Minazi ya ufukweni ilikuwa imesimama kama picha. Hata jani moja halikutikisika.

"Hakuna upepo, ndugu yangu," Hamoud aliita tena. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Hiyo ni bahari inajaa. Na bado haijafika nusu ya inakokwenda. Msingoje hata kidogo. Nakuja."

Alikaza kikoi, akaingia bondeni huku akipapasa njia kwa ule mwanzi. Maji yalimfika tumboni, kisha kifuani. Alipofika kwenye Meza alikuwa anahema.

"Nipe mtoto. Binti, kaa mabegani kwangu, shika hii kofia, usiiachie. Mama, wewe shika mwanzi, ukanyage ninapokanyaga mie. Bwana Revelian, njoo nyuma yake, umkamate kiunoni."

"Kikapu changu," Revelian alisema.

"Kiache. Samaki wako wanajua njia ya kwao."

Waliingia majini. Maji yalimvuta Kokuberwa ubavuni kama mtu anayegombania khanga. Katikati ya bonde yalimfika kidevuni, na kwa muda mdogo hakusikia jiwe chini ya mguu. Mkono wa mumewe ulimshika kiunoni, ukamshikilia. Kisha mguu ukagusa, na mwingine ukagusa, na wakapanda Baraza wakikohoa.

Hamoud alimteremsha Anastasia. Mtoto alikuwa bado ameikumbatia ile kofia. Walipotazama nyuma, kikapu kilikuwa kinaelea mbali. Meza hawakuiona tena.

*

Wiki hiyo Revelian alikuwa mtu wa maneno machache. Aliukunja mshipi, akaurudisha sandukuni.

"Hatutarudi kule," alisema. "Bahari haina adabu. Leo iko hapa, kesho iko pale."

Kokuberwa hakubishana naye. Yeye mwenyewe alikuwa akishtuka usingizini, akidhani anatafuta jiwe kwa mguu. Lakini kila siku alikuwa anatazama kikombe cha uji kikirudi kimejaa. Anastasia aliuliza supu siku ya kwanza, akauliza siku ya pili. Siku ya tatu hakuuliza tena, na kutouliza kule kulimwumiza mama yake zaidi.

Jumamosi alijifunga khanga, akaenda dukani kwa Hamoud.

"Shikamoo, Bwana Hamoud."

"Marahaba, mama Anastasia. Leo chumvi au mafuta?"

"Leo nataka unifundishe bahari."

Hamoud aliweka mizani chini. "Mumeo amekutuma?"

"Hapana. Nimetumwa na njaa ya mtoto."

Thuraya, mkewe Hamoud, alikuwa ameketi ndani akichambua mchele. Akatoa kichwa kwenye pazia. "Mfundishe, tena mfundishe vizuri. Na usianze kumpigia porojo za samaki uliyemkosa mwaka juzi."

"Alikuwa mkubwa kweli," Hamoud alisema.

"Kila mwezi anakua."

Walikubaliana kukutana pwani kesho yake, Kokuberwa akitoka kanisani. Revelian alialikwa pia. Alisema hana nafasi. Lakini Jumapili, Kokuberwa na Anastasia walipokuwa wakiteremka njia ya Msasani, walisikia kengele ya baiskeli nyuma yao.

"Napita tu," Revelian alisema.

"Pita pamoja nasi," mkewe alimjibu.

Hamoud na Thuraya walikuwa wamekwisha fika. Revelian alimshika Hamoud mkono kwa mikono yake miwili. "Bwana Hamoud, mimi nimekulia kwenye mtumbwi. Nilidhani najua."

"Unajua ziwa," Hamoud alisema. "Mie ukinipeleka Bukoba ukanitia kwenye mtumbwi wenu, nitakuwa gunia tu la kubebwa. Kila maji yana desturi zake. Hebu niambie, ile Jumamosi ya pili, kabla hujavuka ulitazama nini?"

"Nilitazama bonde. Maji yalikuwa vifundoni, sawasawa na Jumamosi ya kwanza."

"Ulitazama maji yako wapi. Hukutazama yanakwenda wapi. Jumamosi ya kwanza yalikuwa vifundoni, yanatoka. Ya pili yalikuwa vifundoni, yanakuja. Ukiangalia mara moja tu, yanafanana. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni. Huwezi kujua anaingia au anaondoka."

"Sasa mtu atajuaje?" Kokuberwa aliuliza.

Hamoud aliokota kijiti, akampa Anastasia. "Nenda kachomeke pale pale maji yanapoishia. Usilowe."

Anastasia alikichomeka kwenye mchanga, akarudi mbio. Mbio hizo zilikuwa fupi, na alihema, lakini zilikuwa mbio.

"Sasa tukae tuzungumze," Hamoud alisema. "Mvuvi hutengeneza ndoana, hukata chambo, hutia buraruhi kwenye tumbaku yake. Akimaliza, anakitazama kijiti. Kikimezwa, bahari inajaa. Kikiachwa mchangani, bahari inakupwa. Usivuke kwenda popote kabla kijiti hakijakujibu."

"Buraruhi gani?" Thuraya alimkatiza. "Usimchanganye mwenzio kwa maneno yako ya dukani. Sema karafuu."

"Karafuu, basi."

Kokuberwa alicheka. Halafu akauliza jambo lililomsumbua wiki nzima. "Lakini kwa nini saa ile ile, Jumamosi mbili, zisifanane?"

"Kwa sababu bahari haifuati saa ya ghala. Inafuata mwezi. Kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, karibu saa moja. Ukiongeza kidogo hicho kwa wiki nzima, saa iliyokuwa ya kutoka inakuwa saa ya kuja. Unakumbuka mwezi ulikuwaje ile siku mliyokwama?"

Kokuberwa alifikiri. "Ulikuwa mkubwa. Uani paling'aa, sikuwasha hata taa."

"Na Jumamosi ya kwanza?"

"Nusu, na kidogo."

"Umejibu mwenyewe. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama mpya, bahari ina nguvu. Inajaa sana, inakupwa sana, tena kwa haraka. Sisi tunaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo tunayaita maji mafu. Wewe ulikuja kwanza na maji mafu, tena yakitoka. Ukadhani ndiyo tabia yake. Wiki iliyofuata ukakutana na bamvua."

Revelian aliinama, akachora kwa kidole mchangani mwezi wa nusu na mwezi wa duara. Alivitazama kwa muda. "Kwa hiyo bahari ina adabu," alisema polepole. "Ni mimi niliyekuwa sijatambulishwa."

"Baba, kijiti," Anastasia alisema.

Wote wakageuka. Kijiti kilikuwa kimesimama peke yake, na mchanga uliolowa ulikuwa umeenea mbele yake mpaka kwenye maji.

"Kimesema nini?" Hamoud alimuuliza.

"Kimesema bahari imekwenda kwao."

Hamoud akawapandisha kwenye Baraza. Aliwaonyesha ubavu wa mwamba. Chini ulikuwa umejaa chaza. Juu kidogo chaza walikwisha kabisa, kama mstari uliochorwa, na kutoka hapo jiwe lilikuwa kavu na jeupe.

"Chaza haishi mahali pasipofikiwa na maji," alisema. "Akiwapo, ujue bahari hufika hapo. Kaa juu ya mstari huu, na nyuma yako pawe na njia kavu ya kurudia, hata bahari ikijaa namna gani."

Kokuberwa aliinua mguu, akatazama kovu la wayo wake. Chaza wa Meza walimkata siku ile. Walikuwa wamejaa juu ya mwamba wote. Neno lilikuwa limeandikwa chini ya miguu yao, na hakuna aliyelisoma.

"Na samaki je?" Revelian aliuliza. "Uvuvi wa Meza ulikuwa mzuri."

"Maji yakijaa, samaki wanakuja wenyewe mpaka hapa Barazani. Wanafuata chakula. Na jioni maji yakiwa yanajaa, anakuja bwana mwenyewe." Hamoud alifungua kapu, akatoa kitu kidogo. Kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa mfano wa kamba wa baharini, kimevishwa kitambaa cheupe. Mkiani kilikuwa na sindano zilizopindwa kuelekea juu. "Hiki ni cha ngisi."

"Ngisi," Kokuberwa alirudia, akakunja pua. "Yule mwenye ndevu mdomoni? Kwetu hatuli."

"Kwenu hayuko," Thuraya alisema. "Ungemjuaje? Njoo nyumbani nikuonjeshe, halafu ndiyo ukunje pua."

*

Jumamosi iliyofuata mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, umeandama siku mbili tatu tu. Kokuberwa aliukumbuka alipokuwa akifunga kapu.

"Leo ni bamvua," alisema. "Na alasiri yatakuwa yanajaa."

"Tutaona kijiti kitasemaje," Revelian alijibu, akatabasamu.

Anastasia alichomeka kijiti. Revelian alikata chambo. Kabla hajamaliza, kijiti kilikuwa kimezama nusu, na mara kikang'oka kikaelea.

"Kimemezwa," mtoto alisema.

Wakapanda Baraza, wakakaa upande wenye kina, juu ya mstari wa chaza, njia kavu ikiwa nyuma yao. Hamoud alikuwa amekwisha jipangia mahali pake. Revelian alipata changu mapema. Kisha akachukua kile kipande cha mti cheupe, akakitupa, akawa anakivuta polepole. Kivuli chekundu kilikifuata majini. Mshipi ukawa mzito. Revelian akavuta kwa nguvu mara moja, kama alivyozoea kumvuta ngege wa ziwani. Mshipi ukarudi mtupu.

"Umemshtua," Hamoud alisema. "Ngisi hang'ati kama samaki. Anakumbatia. Wewe unamnyang'anya mpenzi wake kwa kofi."

"Nipe mimi," Kokuberwa alisema.

Alitupa. Alivuta taratibu, kama anayevuta uzi wa kufuma. Mshipi ulipokuwa mzito hakushtuka. Aliendelea vile vile, bila kukaza wala kulegeza. Ngisi akatokea juu ya maji, rangi yake ikibadilika, mara nyekundu, mara nyeupe.

"Usimtoe kwanza," Hamoud alionya. "Mwache ateme wino wake huko huko majini."

Ngisi akatema, maji yakawa meusi. Kokuberwa akamwinua. Revelian alikimbilia kumpokea kwa furaha, ameinamisha uso. Ngisi alikuwa amebakiza wino kidogo, akaumaliza wote kwenye shati jeupe la karani.

Anastasia alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Wazazi wake hawakuwa wamesikia kicheko cha namna hiyo tangu kabla ya surua. Revelian alitazama shati lake, akamtazama mtoto, akasema, "Leteni ngisi mwingine."

Hapo vijana wawili walipita na mishipi yao. Kwa matamshi yao walikuwa wageni kutoka bara. Walisalimia, wakaanza kuteremka bondeni kuelekea Meza. Maji ya bondeni yalifika vifundoni.

Kokuberwa alisimama. "Wadogo zangu, ngojeni kwanza. Mnakwenda wapi?"

"Pale, dada. Ni pazuri, patambarare."

"Ni pazuri. Na mimi nilipapenda. Hebu mmoja wenu achomeke kijiti pale maji yanapoishia, mkae na sisi kidogo."

Mmoja wao, aliyeitwa Adelard, alimcheka mwenzake. "Tumekuja kuvua, tunapewa kazi ya kupanda vijiti."

"Panda tu," Revelian alisema. "Mimi sikupanda cha kwangu. Kikapu changu mpaka leo kiko safarini."

Kijana alikichomeka. Walikaa, wakazungumza habari za makwao. Kisha Adelard akageuka katikati ya maneno. Kijiti hakikuonekana. Bonde lilikuwa limejaa. Wote waliitazama Meza ikizungukwa, ikilowa kingo, ikibaki kipande cha ukubwa wa mkeka. Halafu wimbi moja la upole likapita juu yake, na pale palipokuwa na mwamba ikabaki bahari tupu.

Adelard alivuta pumzi. "Tungekuwa pale sasa hivi."

"Kaeni hapa," Kokuberwa alimwambia. "Juu kidogo ya hao chaza. Samaki watawafuata."

Jioni Thuraya alikuja jikoni kwa Kokuberwa. Alimwonyesha namna ya kumtoa ngisi kichwa na mfuko wa wino, na ule mfupa wake unaong'aa kama kioo, na kumbambua ngozi. "Mkate pete. Za mtoto zikate ndogo ndogo kabisa, maana meno yake bado madogo. Tui lichemke kwanza, ndipo umtie. Akikaa motoni sana anakuwa mpira."

Kokuberwa alionja kwanza, amefumba macho. Akafumbua jicho moja. Akaonja tena.

"Kwenu hamli," Thuraya alimkumbusha.

"Nimehama," Kokuberwa alisema.

Kuanzia siku hiyo, Jumamosi haikupita bila kijiti kando ya maji. Wiki nyingine walivua changu, nyingine tasi, na bamvua ya alasiri ilipokuja walivua ngisi. Siku ambazo bahari ilikuwa mbaya walirudi nyumbani mikono mitupu, wakachemsha mayai ya yule kuku. Kabla ya mvua kuanza, nesi alimpima Anastasia. Akapima tena kwa kuwa hakuamini macho yake. Mtoto hakukaa kizingitini tena. Alikuwa uani na wenzake, akiwafundisha mchezo wa kuchomeka vijiti kwenye madimbwi.

Jumamosi moja usiku ulipoingia, Kokuberwa alimtilia mchuzi katika kikombe cha Malkia. Anastasia alikunywa mpaka chini, akakigeuza kikombe, akamwonyesha mama yake kuwa ni kikavu.

"Umeshiba?" Kokuberwa aliuliza.

Anastasia aliipapasa ile picha kwa kidole, akafikiri.

"Mimi nimeshiba," alisema. "Ila yeye anataka tena."